Kusaka Makasha kwa GPS: Simu au Kipokezi cha Mkononi?

Mchezo wa jiokeshingi, yaani kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata latitudo na longitudo, ulianza Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS (mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo) yanayotumiwa na raia. Wakati huo kipokezi cha mkononi, yaani kifaa maalumu cha kunasa mawimbi hayo, hakikuwa na mbadala. Leo anayeanza huuliza kama simu janja haitoshi.

Kwa gharama, simu inashinda bila ubishi, kwa kuwa tayari unayo.

Kwa usahihi, tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Penye anga wazi simu hukosea kwa takriban mita 5, na kipokezi nacho hakifanyi miujiza. Chini ya miti mirefu au kando ya majabali mshale wa chombo chochote huyumba, ndiyo maana wazoefu, wakishakaribia, hukitia kifaa mfukoni na kuanza kupekua mashina yenye uwazi na mawe yaliyopangwa isivyo kawaida.

Matunzo ndiyo yanayovitenganisha. Skrini ikiwaka muda wote, chaji ya simu huisha upesi, na simu ikizama mtoni umepoteza mawasiliano pia. Vipokezi vingi hustahimili mvua, na vile vinavyotumia betri ndogo za kawaida hubadilishwa betri papo hapo.

Anayesaka mjini jioni hana sababu ya kununua kitu kingine, ilhali anayeshinda milimani, mbali na mtandao, atakithamini kipokezi, mradi apakie taarifa za makasha kabla ya kuondoka.