Street Fighter 6: mizani ya mgeni na mkongwe

Capcom waliitoa gemu hii ya mapigano Juni 2023 ikiwa na wapiganaji 18, ila mizani yenyewe imo kwenye vitufe. Mtindo wa vitufe uitwao Modern humpa mgeni pigo maalumu kwa kitufe kimoja. Kwa njia hiyo ya mkato nguvu ya pigo hupungua asilimia 20, na baadhi ya mapigo ya kawaida hayapo kabisa. Bei ya haki, ingawa kumtungua anayeruka kumekuwa rahisi mno.

Kinachowaangusha wengi ni geji ya Drive, akiba ya nguvu za mbinu za ziada, yenye vipande 6. Drive Rush (mbio za ghafla kumwendea mpinzani) ya kukatiza pigo lako hula 3. Geji ikiisha, ukikinga pigo maalumu damu (uhai wako) inapungua bado, na Drive Impact (pigo zito la geji hiyo) ikikukuta kwenye kona ya uwanja unabaki umeduwaa. Kati ya wapiganaji, anza na Luke, Zangief asubiri.