Tathmini: somo la jioni kuhusu miale ya anga, Capri Point

Jumamosi iliyopita nilihudhuria somo lililoandaliwa katika bustani ya hoteli ndogo hapa Capri Point, Mwanza, kwa kiingilio cha shilingi 15,000 pamoja na soda na sambusa mbili. Miale ya anga ni chembe ndogo mno zinazoifikia dunia kutoka angani, na tangazo liliahidi kutuonyesha zinakotoka zile zenye nishati kubwa kuliko zote.

Mkufunzi aliinua jiwe la kilo moja, akatutaka tulifikirie likianguka kutoka kimo cha mita 5, kisha akaeleza kwamba nishati ya kiasi hicho ilibebwa na chembe moja tu, ndogo kuliko atomi, iliyonaswa Utah, Marekani, mwezi Oktoba 1991. Chembe za aina hiyo ni adimu mno, na ndiyo sababu kituo cha Pierre Auger nchini Argentina kimetandaza matangi ya kuzigundua zaidi ya 1,600 katika eneo la kilomita za mraba 3,000. Kila tangi ni la plastiki, mfano wa simtenki zetu, na lina lita 12,000 za maji safi.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilikuja giza lilipoingia. Alituonyesha taa za wavuvi wa dagaa ziwani, akasema kwamba tunajua mtumbwi ulipo kwa kuwa mwanga hutufikia moja kwa moja, ilhali chembe hizi zina chaji ya umeme, hivyo njia zao hupindishwa na nguvu za sumaku zilizomo angani, na upande zinakotokea kwetu si lazima uwe ndiko zilikoanzia. Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti wa Auger walionyesha kuwa chembe zenye nishati inayozidi elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) bilioni bilioni 8 huja kwa wingi zaidi kutoka upande ulio takriban nyuzi 120 mbali na kitovu cha galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo, jambo linaloashiria kwamba asili yake ni nje ya galaksi hii.

Hapo ndipo kasoro ya tangazo inapoonekana, kwani chanzo chenyewe bado hakijathibitishwa: wapo wanaotaja galaksi zenye mashimo meusi yanayorusha mikondo ya gesi, na wapo wanaotaja galaksi zinazozalisha nyota kwa kasi. Mkufunzi alilisema hilo wazi, nami namheshimu kwa hilo. Aliyeandika tangazo hakumsikiliza. Ramani ya anga nayo ilikuwa karatasi moja iliyopitishwa mkono kwa mkono, na sisi wa viti vya nyuma tuliipata somo likiwa limekwisha.

Nimewapa nyota nne kati ya tano. Atakayekwenda achukue sweta, maana upepo wa ziwani ni mkali baada ya saa mbili usiku.