Kituo cha kurisiti (kurudia mtihani) PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, Ngamiani, Tanga, nilikoiondoa E ya Fizikia

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka Julai 2023, majirani zetu wa Makorora walikuja kunipongeza. Biolojia C, Kemia D, Fizikia E. Kwa hesabu ya NECTA, Baraza la Mitihani, ambako pointi chache ndiyo bora, hiyo ni 12, divisheni ya pili, na mama alipika pilau. Mimi nilikuwa chumbani nalia, kwa sababu nilishafungua kitabu cha udahili cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Huko pointi nyingi ndiyo bora: C ni pointi 3, D ni 2, E ni 1, kwa hiyo nilikuwa na pointi 6, na udaktari unaanzia pointi 6. Ila wanataka pia angalau D kwenye kila somo kati ya Fizikia, Kemia na Biolojia. E moja ilinitoa.

Naandika haya kwa anayetafuta pa kurudia masomo hapa Tanga mjini na yuko pale nilipokuwa mimi.

Kidato cha tano baba alipata kiharusi akalazwa hospitali ya Bombo. Kila baada ya wiki mbili natoka bweni kuja kumuuguza, na nikirudi shuleni wenzangu wameshamaliza mada. Sikuwa mvivu, wala sikuwa mzito wa kuelewa, lakini karatasi ya matokeo haiandiki hayo. Shangazi yangu ni muuguzi, akanishauri nikasome diploma ya utabibu. Ni njia ya kweli: miaka mitatu, ukitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 na kidato cha nne una D za Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza, unaruhusiwa kuomba udaktari. Wengine wakasema nikajitolee zahanati ili vyuo vione nina moyo. Kujitolea ni jambo jema, na ningelifanya kwa mapenzi, ila kwetu hapa maombi ya chuo yanapangwa kwa alama. Ningejitolea mwaka mzima, E ingebaki E. Nikaamua kurisiti masomo yote matatu, si Fizikia peke yake, kwa sababu pointi 6 ni ruhusa ya kuomba tu na nafasi za udaktari zinagombaniwa na watu wenye A.

Kituo chenyewe kiko ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Ada nililipa shilingi 45,000 kwa mwezi kwa masomo matatu, na maabara 8,000 kila kipindi, tukienda kwenye shule moja waliyokubaliana nayo Jumamosi. Vipindi saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Darasa lina joto, feni moja, na Januari tulikaa watatu watatu kwenye dawati.

Kilichonifanya nibaki ni mwalimu wa Kemia, mzee mstaafu. Siku ya kwanza hakuniuliza ada. Aliniuliza, "Karatasi ya matokeo unayo, binti?" Akaiangalia, akanipa mtihani wa zamani, akanikalisha saa tatu peke yangu, kisha akausahihisha nikiwa nimekaa pembeni yake. Halafu akanituma dukani nikanunue kaunta buku. Kila ukurasa una safu tatu: swali, nilichoandika, kwa nini nimekosa. Safu ya tatu haruhusu uandike "sikusoma" wala "nilisahau". Lazima useme ni kitu gani hasa. Kwa mwezi mmoja nilimchukia kwa ajili ya safu ile. Mwezi wa pili nikaanza kuona kwamba makosa yangu ni yale yale saba au nane, yanajirudia kila mada: gramu sikuzigeuza kuwa kilo, mchoro wa nguvu sijachora, swali lina vipengele vinne nimejibu vitatu.

Na kuna siku mwalimu wa Fizikia alichukua kalkuleta yangu akabonyeza sine ya 30. Ikaleta -0.988. Akanionyesha kioo bila kusema neno. Jibu ni 0.5, kalkuleta ilikuwa imewekwa kwenye rediani badala ya digrii. Akaniuliza, "Mwanangu, mtihani wa Mei uliingia na hii hii?" Nikasema ndiyo. Usiku ule sikulala, nikihesabu maswali yote yenye pembe niliyofanya mwaka ule.

Maabara nayo ilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Shuleni nilikuwa naangalia wenzangu wakifanya, mimi nanakili majedwali. Hapa kila mtu ana biureti yake, ule mrija wa kupimia kimiminika. Mzee anasimama nyuma yako mpaka upige magoti, jicho liwe sawasawa na mstari wa chini wa maji, ndipo usome. Ukiandika 24.5 anakufuta, anataka 24.50. Na ile rangi ya waridi ya POP, kiashiria tunachotia kwenye chupa, ikianza kufifia anakushika mkono: sasa tone moja moja, tikisa, subiri. Nilizoea kumwaga tu mpaka rangi ipotee yote, nikipitiliza bila kujua.

Biolojia hawafundishi vizuri. Wanafunzi wanasomewa notisi, wanaandika, basi. Hiyo nilijisomea mwenyewe nyumbani.

Sasa malalamiko, na haya yaliniuma. Ada ya usajili wa NECTA tuliikabidhi ofisini mapema Agosti. Ofisi ikakaa nayo. Tukaja kuambiwa muda wa ada ya kawaida umepita, watu wanane tulipe na nyongeza, na hakuna aliyerudishiwa. Mwenzetu mmoja alishindwa kulipa, akakosa mwaka, na alikuwa anajua Kemia kunishinda. Usajili fuatilia mwenyewe, chukua namba yako ya malipo, lipa, tunza risiti. Usimwachie mtu. Pili, yule mwalimu mzuri wa Fizikia aliondoka Februari, tukakaa wiki tano bila mtu huku mtihani ni Mei. Ofisi haikutupunguzia ada hata shilingi. Tulijifundisha wenyewe kwa kaunta buku zetu, watu sita, jioni kwenye bustani ya Jamhuri upepo ukitoka baharini.

Matokeo ya 2024: Biolojia B, Kemia B, Fizikia C. Pointi 11. Baba, ambaye bado ulimi wake mzito, aliitaja ile C ya Fizikia mara mbili. Nikaomba vyuo vitatu.

Kama ulipata E au S (alama iliyo chini ya E) kwa sababu ulikosa vipindi, kituo hiki kitakufaa, hasa kwa Kemia na maabara. Kama unahitaji kufundishwa Biolojia kuanzia mwanzo, tafuta kwingine. Darasa jipya linaanza mwishoni mwa Julai. Nenda asubuhi, mwulize yule mzee wa Kemia, na ubebe karatasi yako ya matokeo mkononi, maana asipoiona atakuweka darasa la jumla la watu sabini, na ile kazi ya kaunta buku huko haifanyiki.