Uzoefu wangu: miezi 5 ya matembezi na kazi za mikono kwa watoto wanaosomea nyumbani, Kigoma

Binti yangu wa miaka 10 ana selimundu, yaani sikoseli. Mwaka juzi alilazwa mara tatu ndani ya muhula mmoja, na baada ya kushauriana na daktari wake na kuelewana na shule aliyokuwa akisoma, tuliamua asomee nyumbani mpaka afya yake itengemae. Mwalimu humjia siku nne za juma, na kwa upande wa hesabu, Kiswahili na sayansi hajarudi nyuma. Kilichorudi nyuma ni kitu nilichochelewa kukiona. Siku moja binamu zake walikuja kutoka Kasulu, wakachimba kishimo uani na kuanza kucheza mdako, naye akabaki barazani akiwatazama. Walipomwita aliwajibu kwamba hajui zamu zinakwendaje, na mchezo huo aliujua tangu ana miaka mitano.

Nilianza kuuliza watu siku ileile. Jirani alinielekeza kwa mwalimu mstaafu wa sayansi ambaye, akisaidiwa na vijana wawili, huwakusanya watoto wanaosomea nyumbani hapa mjini na kuwapeleka mara mbili kwa mwezi, siku ya Alhamisi, mahali penye kazi ya kufanya. Watoto ni 11, wa miaka 7 hadi 13. Wengine wako nyumbani kwa sababu ya maradhi kama binti yangu, na wengine ni watoto wa wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi, ambao wanafuata mitaala ya nje. Ada ni shilingi 20,000 kwa kila safari, pamoja na usafiri na chakula, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Tumehudhuria tangu Septemba hadi Januari, safari nane kati ya kumi. Sikuombwa na mtu kuandika haya, wala sijapunguziwa ada.

Nianze na safari iliyonifanya niamini kwamba mwalimu huyu anajua anachokifanya. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, mvua zimekwisha kukolea, na tulikwenda upande wa Mwandiga kwenye shamba la bibi mmoja aliyekuwa anaongeza michikichi. Watoto walimwamkia kwa pamoja, naye akawajibu, “Marahaba wajukuu zangu, mmekuja kula au mmekuja kufanya kazi?” Kazi yenyewe ilikuwa kupima mahali pa kuchimba mashimo. Mchikichi hupandwa kwa pembetatu, kila mche ukiwa mita 9 kutoka kwa jirani zake, ili majani yake yanapotanuka yasinyang'anyane jua. Mwalimu alitoa kamba tatu za katani, akawaagiza watoto wazipime wenyewe na kuzikata mita 9 kamili kila moja, kisha akasimamisha watoto watatu, kila mmoja akishika ncha mbili za kamba tofauti, na kuwaambia wavute mpaka kamba zote tatu zikaze.

Nilisimama pembeni nikaangalia. Kamba mbili zikikaza na ya tatu ikalegea, pembetatu haipo, na mwenye kulegeza lazima asogee, akisogea naye anailegeza ya mwenzake. Ilibidi wazungumze. Mvulana mmoja alitaka kuwaamuru wenzake wote, na kwa dakika kama kumi mambo hayakwenda, hadi binti yangu, ambaye alikuwa kona ya chini karibu na mfereji, alipowaambia yeye atasimama palepale asiondoke na wao wawili ndio wamzunguke. Kigingi cha kwanza kikachomekwa. Kazi ile haikumtaka awe na nguvu wala mbio, lakini bila yeye kusimama pale isingefanyika, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta kwa muda mrefu bila kujua niliiteje. Mtoto wa kusomea nyumbani anaweza kupewa kila kitabu na kila kifaa, ila hawezi kupewa na mzazi wake ncha ya pili ya kamba.

Baada ya vigingi vya safu mbili, mwalimu aliwaambia wapime umbali kati ya safu na safu. Wote walitegemea mita 9. Wakapata mita 7 na sentimita 80, wakapima tena, wakapata vilevile. Mwalimu hakuwaeleza, aliwapa kijiti wachore kwenye udongo, na mtoto wa miaka 12 ndiye aliyeona kwamba mstari unaoshuka wima kutoka kwenye kona ya pembetatu ni mfupi kuliko ubavu wake. Kutoka hapo walikokotoa kwamba hekta moja inaingiza miche 143. Mwalimu wa nyumbani wa binti yangu aliniambia baadaye kwamba alikuwa amehangaika na somo la pembetatu kwa wiki nzima kwenye karatasi, na baada ya siku ile halikuhitaji maelezo tena.

Kabla ya kuondoka bibi aliwapa ngazi, yaani matunda ya mchikichi, za aina mbili wazipasue, wakubwa wakishika kisu wenyewe na wadogo wakisaidiwa na vijana. Ile ya asili, iitwayo dura, kokwa lake lina gamba nene kiasi kwamba nyama yenye mafuta imebaki kama ukanda mwembamba kulizunguka. Ya pili ni tenera, ambayo ni uzao wa dura na pisifera, aina isiyo na gamba, na ndiyo mbegu inayozalishwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapa mkoani kwetu. Gamba ni jembamba na nyama imejaa. Waliziweka nusu kwa nusu kwenye jani la mgomba, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini bibi anabadilisha mbegu. Vidole vyao vilirudi nyumbani na rangi ya mawese, na gauni la binti yangu halijatakata mpaka leo.

Safari ya pili ninayotaka kuisimulia kwa urefu ni ya Novemba, na haikugharimu chochote zaidi ya ada ya kawaida. Hifadhi ya Gombe iko jirani kabisa na mji wetu, kilomita chache kaskazini kwa njia ya ziwa, na ndiko mtafiti Jane Goodall alikofika mwaka 1960 na kumwona sokwe mtu aliyempa jina la David Greybeard akichomeka shina la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa likiwa na mchwa walioling'ata, na kuwala. Hadi wakati huo wataalamu walishikilia kwamba ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Kuwapeleka watoto wote Gombe kungekuwa gharama kubwa, na vilima vyake ni vikali mno kwa mtoto kama wangu. Mwalimu aliwapeleka kwenye kichuguu cha kawaida nyuma ya shamba la mihogo, akawagawa wawili wawili, na kuwaambia: fanyeni alichofanya yule sokwe.

Ilionekana rahisi. Mmoja alikwangua udongo laini uliozibwa na mchwa mpaka tundu likaonekana, na mwenzake akaingiza shina. Nyasi kavu zilikatika ndani. Nyasi mbichi mno zilijikunja kabla ya kufika. Aliyetikisa mkono alitoa shina tupu, na aliyelitoa kwa haraka aliwapangusa mchwa wote kwenye ukingo wa tundu. Baada ya nusu saa watoto wote kwa jumla walikuwa wamepata mchwa wanne. Hapo ndipo walipoacha kucheka na kuanza kuchagua: shina liwe na unene gani, majani yachunwe namna gani, liingizwe hadi wapi. Binti yangu amelala kitandani hospitalini siku nyingi kuliko watoto wengi wa umri wake, na kutulia anakujua. Alilishika shina bila kulitikisa, akahesabu polepole hadi ishirini, akalivuta kama anayechomoa uzi kwenye sindano. Mchwa askari sita walikuwa wameling'ang'ania kwa meno, vichwa vyao vyekundu vimepangana. Wenzake walimzunguka kumwuliza amefanyaje, naye akawafundisha mmoja mmoja. Mwalimu aliongeza jambo ambalo binti yangu amelirudia kwa kila mgeni anayeingia kwetu: kwamba watafiti wa Gombe waliona sokwe wachanga wa kike hujifunza kuvua mchwa mapema kuliko wa kiume, kwa sababu hukaa na kumtazama mama yao kwa makini zaidi.

Safari ya mwaloni Katonga, mwezi Septemba, ilikuwa nzuri kwa mafunzo lakini ilikuwa na kasoro ya jua. Watoto walijigawa makundi mawili, kundi moja likaanika kilo moja ya dagaa wabichi mchangani, jingine likaanika kilo moja kwenye chanja ya waya, na mama mmoja mchuuzi akawatunzia. Walipopima siku iliyofuata nyumbani kwa mwalimu, wa chanjani walibaki gramu 280. Wa mchangani walionekana wazito zaidi, na watoto walifurahi wakidhani wameshinda, mpaka walipowaosha kwenye beseni na kuona mchanga umetuama chini. Wavuvi waliwaeleza pia kwa nini hawaendi ziwani mwezi unapokuwa mpevu: dagaa hufuata taa usiku, na ziwa zima likiwa na mwanga, taa haiwaiti tena. Yote haya yalikuwa mazuri, lakini kufikia saa 5:00 hapakuwa na kivuli, na binti yangu alianza kulalamika miguu inamuuma. Mtoto mwenye selimundu akipungukiwa maji mwilini anaweza kupata maumivu makali. Nilikuwa nimekuja naye, nikamwondoa mapema.

Nilimweleza mwalimu jambo hilo wazi, naye hakujitetea. Tangu siku ile kuna turubai la kivuli katika kila safari, kila mtoto ana chupa yake ya maji yenye alama za saa, na wale vijana wawili wamefundishwa dalili za kuangalia na namba ya kupiga. Niliendelea kuambatana naye safari mbili zaidi, kisha nikaanza kumwacha aende peke yake mara nyingine. Wazazi wenye watoto wa hali hii wasione haya kuuliza maswali haya kabla ya kulipa, na wasikubali jibu la “usiwe na wasiwasi”.

Safari ya Ujiji, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Sina neno na mahali penyewe. Ujiji ndiko njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikofikia ziwani, ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871, na makumbusho yake yanastahili kutembelewa na kila mtoto wa Kigoma. Lakini siku ile watoto walisimama wakisikiliza kwa zaidi ya saa nzima, mikono mifukoni, na walipotoka hawakuwa na la kuulizana. Wangeweza kuchora ramani ya njia ile, au kubeba mzigo kwa zamu hata kwa mita mia mbili tu, wajue mpagazi alikuwa anafanya nini. Nimempendekezea mwalimu hivyo. Safari ya stesheni ya reli, ambako walipima kwa uzi kwenye ramani zile kilomita zipatazo 1,250 hadi Dar es Salaam, ilikuwa ya wastani, na wadogo waliipenda kwa sababu ya mabehewa.

Lipo jambo moja ambalo sijalisamehe bado. Mwezi Januari ilipangwa safari fupi ya boti kutoka Kibirizi, watoto wakapime uwazi wa maji kwa sahani iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe, ambayo hushushwa kwa kamba hadi isionekane. Ni zoezi zuri, na maji ya Tanganyika yanalistahili. Tulipofika ufukweni, majaketi ya kujiokolea yalikuwa saba, na watoto waliokuja siku hiyo walikuwa tisa. Mwenye boti alisema ziwa limetulia. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pake palipo na kina zaidi, na upepo wake haumuagi mtu unapoondoka wala haumpigii hodi unapokuja. Mwalimu alitaka waende kwa awamu mbili, jambo ambalo lingekuwa sawa, lakini mwenye boti hakutaka kurudia safari, na mabishano yakaendelea mbele ya watoto. Nilimchukua binti yangu nikarudi naye nyumbani, na wazazi wengine wawili wakafanya hivyo. Kwa haki ya mwalimu, niseme kwamba safari iliahirishwa asubuhi ileile na fedha zetu zilirudishwa siku ya pili. Hata hivyo majaketi yalipaswa kuhesabiwa juzi yake, si pale majini.

Kuhusu ada, shilingi 40,000 kwa mwezi si ndogo kwa familia nyingi za hapa, na mwenye watoto wawili atalemewa, kwa kuwa hakuna punguzo la ndugu. Mimi naona inastahili kwa safari kama za michikichi na kichuguu, na haistahili kwa safari ya kusimama na kusikiliza. Mzazi anayetafuta mtu wa kumfundishia mtoto mtaala hatampata hapa, maana hakuna mitihani wala ripoti. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 7 asubiri kidogo.

Mwezi wa Krismasi binamu wa Kasulu walikuja tena. Sikumsukuma binti yangu atoke. Nilimkuta tayari uani, amekaa kwenye kigoda, anawapanga zamu. Nimemlipia tena kuanzia Februari, isipokuwa safari yoyote ya majini, ambayo nitaitolea uamuzi siku nitakapoyahesabu majaketi mwenyewe.