Thomas Covenant kaniudhi, na kitabu bado ninacho

Naanza na onyo: hapa namwaga mtama. Kama hujasoma Lord Foul's Bane, riwaya ya fantasia ya Stephen Donaldson, na hupendi kuharibiwa hadithi, ishia hapa. Na nyie mashabiki wake mnaowaambia watu "we soma tu, mbele kinanoga" bila kusema mbele kuna nini, nina ugomvi na nyie.

Nilikipata kwenye vitabu vya mtumba pale Posta, jalada limepauka, nikakinunua kwa sababu moja tu: shujaa wake ana ukoma. Riwaya hizi za fantasia nimezisoma mpaka nimezichoka, shujaa "aliyetengwa" ni yatima mwenye damu ya kifalme, anateseka kidogo halafu anakabidhiwa kiti. Huyu Thomas Covenant katengwa kwelikweli. Alikuwa mwandishi anayeuza, akapata ukoma, akakatwa vidole viwili vya mkono wa kulia, mke akambeba mtoto akaondoka, na watu wa mji wake hawataki hata kumwona.

Mwanzoni kabisa anatembea kwa miguu hadi mjini kulipa bili ya simu. Shida yake si simu. Anataka aingie ofisini kama mtu yeyote, alipe, atoke. Anafika, anaambiwa imeshalipwa. Kuna mtu kamlipia ili asiwe na sababu ya kukanyaga mjini.

Hapo nilikuwa ndani ya mwendokasi natoka Kimara, ikabidi nifunge kitabu nitazame nje. Nina mjomba, sasa marehemu, aliugua ukoma. Kijijini kwetu hakuna aliyemfukuza, hata siku moja. Ila kukiwa na shughuli, sahani yake ilipelekwa kwake mapema, imefunikwa vizuri, minofu juu, kabla wageni hawajaanza kufika. "Mzee tusimsumbue kutembea." Miguu ilikuwa mizima! Shamba alikuwa analima mwenyewe! Basi Mmarekani ambaye hajawahi kufika kwetu kaiandika sahani ya mjomba wangu.

Na ugonjwa anaujua. Stephen Donaldson kakulia India, baba yake alikuwa daktari mmisionari aliyetibu watu wenye ukoma. Covenant anajikagua mikono na miguu kila mara akitafuta mchubuko, maana kidole kilichokufa ganzi kikiungua hakikwambii. Mjomba naye hakuwahi kuamini vidole vyake kwenye maji ya kuoga, alikuwa anapima kwa kiwiko. Kitabu ni cha 1977, kabla ya hizi dawa mseto zinazomponya mtu kwa miezi 6 au 12, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa hata leo dawa hairudishi. Mwandishi kaushika huo ukweli na hadithi nzima kaisimamisha juu yake.

Mpaka hapo nyota tano, sina ubishi.

Kisha anajikuta kwenye nchi nyingine, ya dunia ya maajabu, ambako vile vidole viwili vilivyokosekana vinamfanya aonekane shujaa wa kale aliyerudi. Binti mmoja wa kijijini, Lena, anampaka tope la dawa na ganzi inamwachia. Anahisi tena. Halafu Covenant anambaka. Huyo huyo aliyemponya. Nilirudia aya ile nikidhani Kiingereza kimenipiga chenga. Hakikunipiga chenga.

Nikapeleka hasira zangu kwa wasomaji wenzangu, tunakutana Sinza Jumamosi mojamoja. Kaka mmoja pale, ambaye siku nyingine namheshimu sana kwa usomaji wake, akanijibu: "Dada, jamaa anaamini anaota. Ndotoni mtu hana kosa. Halafu zingatia, katengwa muda mrefu." Na akacheka.

Kwa hiyo kutengwa ni leseni? Mjomba wangu katengwa mpaka anaingia kaburini na hakuna mtoto wa mtu aliyemgusa. Nilimwambia hivyohivyo, meza nzima ikanyamaza, yeye akaita mhudumu aagize soda nyingine. Sijarudi Sinza tangu siku hiyo, na sina hamu.

Kitabu, lakini, nilikimaliza. Kwa hasira, ndiyo, ila nilikimaliza, na lazima niseme haki: Donaldson hamwachii mtu wake apumue. Anayemwongoza Covenant kwenda kwa wakuu wa nchi ni Atiaran, mama yake Lena. Njiani anafikiwa na habari ya alichofanyiwa mwanawe. Nilisubiri amsukume korongoni. Anaendelea kutembea, kwa sababu ujumbe alioubeba mtu huyu usipofika nchi nzima inaangamia, na unaona jinsi kila hatua inavyomla. Huyo mama peke yake anatosha nyota nne. Yaliyobaki, vikao vya wakuu na safari ya kufuata fimbo ya nguvu, nilishayasoma kwingine, ingawa lile jitu Foamfollower nalipenda.

Nne hizo nazipunguza. Lena mwenyewe tunamwacha kijijini, tunasafirishwa na aliyemuumiza kurasa mamia, tusikilize machungu yake yeye! Na baadaye Covenant anapotaka kulipa deni, unajua anafanya nini? Anapatana na farasi, wale farasi wakuu wa nchi ile, mmoja wao awe anaenda kumtembelea Lena kila mwaka. Farasi! Yeye mwenyewe haendi. Mtu aliyelipiwa bili ya simu ili asionekane mjini, leo naye anatuma zawadi ili asionane na mtu. Kama mwandishi kalipanga hilo, basi ni fundi kuliko nilivyomdhania, na hasira zangu nusu nimezielekeza pabaya. Nusu tu. Yule kaka wa Sinza bado hana pa kujificha.

Kwa binti wa miaka kumi na tano sikipendekezi. Kwa aliyewahi kufanyiwa unyama kama wa Lena, hata karibu usikisogelee. Kwa aliyewahi kuishi na mgonjwa wa ukoma nyumbani, kurasa za mwanzo tu zina thamani ya pesa yote.

Nyota mbili. Tatu. Nakala yangu nitaiuza, kurasa zote zipo, bei tutaelewana, ila msinitafute wiki hii kwa sababu kuna sehemu ya Atiaran naisoma upya.