Masikio ya ukoo: nilimpeleka mwanangu, nikaenda na mimi

Naanza na swali ambalo hapa Chikongola, Mtwara, nimeulizwa na kila mtu, kuanzia kinyozi hadi muuza pweza. Hapana, mtoto hasikii vizuri kuliko zamani. Alikuwa anasikia vizuri tangu mwanzo. Upasuaji huu wa kurudisha nyuma masikio yaliyochomoza unagusa sikio la nje tu, ngozi na gegedu, ule mfupa laini wa sikio, basi.

Mwanangu alizaliwa na masikio yangu, na mimi niliyatoa kwa babu: yamechomoza, yanaingia mlangoni kabla yako. Shule zetu kichwa ni kipara, huna pa kujifichia. Mimi niliitwa Feni kuanzia darasa la pili mpaka namaliza la saba, nikacheka nao yakaisha. Mtoto hakucheka. Alipofika la tatu akaanza kuvaa barakashia hata siku zisizo za madrasa, kisha mama yake akamkuta usiku amelala amejifunga kanga kichwani, kaikaza mpaka imeacha alama. Nilipomuuliza akasema, "Baba, nataka yarudi nyuma."

Daktari naye alimuuliza yeye kwanza, sisi wazazi tumekaa pembeni kama mashahidi: "Wewe ndiye unayetaka, au baba?" Alipojibu mwenyewe ndipo rula ikatoka. Akapima kutoka kichwani hadi ukingo wa sikio. Kulia milimita 28, kushoto 26. Kawaida ni kama 15 hadi 20 hivi. Akanionyesha kwenye sikio lake ule mkunjo wa ndani unaofuata ukingo, akaniambia niutafute kwa mwanangu. Haupo. Sikio limefunguka kama ganda la chaza. Nikajipapasa la kwangu, nako hamna kitu.

Umri wa miaka minane ulikuwa mzuri tu, alisema. Kuanzia mitano au sita sikio la mtoto limeshakaribia ukubwa wa mtu mzima, kwa hiyo ukilirekebisha hulizuii kukua. Na kumbe akiwa kichanga kabisa, wiki zile za mwanzo, gegedu bado ni laini na linaweza kushikizwa kwa kifaa maalumu likakaa bila kisu. Hilo hakuna aliyetuambia wodini.

Halafu akamvua shati aangalie kovu la chanjo. Akauliza kama kwenye ukoo kuna mtu ambaye makovu yake huvimba. Nikamwambia bibi yangu wa Newala ana chale uso mzima, za Kimakonde, zimeinuka kabisa. Akacheka. Zile zilisuguliwa mkaa makusudi ziinuke. Anachoogopa yeye ni kovu linalokua lenyewe mpaka linapita mipaka ya jeraha, maana masikio ni mojawapo ya sehemu linapopenda kuota, na sisi weusi tunapata zaidi. Ukienda kwa daktari asiyekuuliza swali hili, nyanyuka uondoke.

Bibi mwenyewe nilipomweleza alininyamazia muda mrefu. "Mume wangu," akasema, "sisi tulichanjwa tuonekane. Ninyi mnakatwa msionekane." Akamalizia na ile ya sikio la kufa, unaijua.

Bima ilikataa, kwao huo ni urembo. Nililipa kwa hela za korosho za msimu wa 2023, na ukipiga hesabu usiishie kwenye bei ya upasuaji. Kuna vipimo, kuna daktari wa usingizi, kuna nauli za watu wawili kilomita zaidi ya 550 hadi Dar, na kuna kulala. Tulifikia kwa shemeji Mbagala siku kumi. Ingekuwa gesti ningeuza na mikorosho yenyewe.

Ilikuwa Aprili 2024. Mtoto walimpiga nusu kaputi, wakakaa naye saa moja na nusu. Wanakata nyuma, pale sikio linapokutana na kichwa, halafu gegedu linakunjwa na kushikiliwa kwa nyuzi za ndani ambazo hazitolewi. Mbinu ya nyuzi hizo aliieleza daktari wa Uskoti, Mustardé, mwaka 1963, kwa hiyo si mambo ya mtandaoni ya juzi. Alipozinduka alitapika mara nne. Nesi alikuwa ameshanionya kwamba watoto wa masikio hutapika, beseni likawa tayari.

Kazi yenyewe ni bandeji. Wiki nzima mtoto ana kilemba kama shehe, na joto la Mbagala mnalijua. Majirani wanampa pole ya bodaboda. Siku ya nne nikamfumania amechomeka njiti ya mshikaki chini ya bandeji anajikuna, kafumba macho kwa raha. Nilipiga kelele mpaka shemeji akatoka bafuni. Siku ya saba wakafungua. Masikio yamevimba, rangi ya zambarau, nyuma kuna damu kavu. Moyo ukanishuka. Yeye akaomba simu, akajitazama kwenye kamera, akageuza kichwa huku na huku, akauliza, "Yamekwenda wapi?"

Baada ya hapo ni kufunga kitambaa cha kubana usiku, wiki sita, sikio lisikunjike usingizini, na mpira hakuna. Kitambaa hawakutupatia. Mama yake alikata soksi ya mpira, ule mguu wa juu, ikakaa vizuri kuliko vya dukani. Kliniki ya mwisho hatukufika, maana Mei ile ndiyo kilipiga kimbunga Hidaya na barabara ya Dar ikakatika Somanga. Daktari akamkagua kwa picha za WhatsApp, mshono kwa mshono, akaturuhusu. Kwa mtoto sina lawama. Leo barakashia anaivaa Ijumaa.

Sasa mimi. Oktoba 2024 korosho ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, na mwanaume mwenye hela hakosi wazo. Januari nikaenda, lakini si kule kwa mwanzo. Nilikwenda kwingine walikokuwa na punguzo. Najua, najua.

Mtu mzima anafanyiwa kwa ganzi, macho yako wazi. Sindano za nyuma ya sikio zinauma kweli, machozi yanatoka yenyewe. Baada ya hapo huumii, ila unasikia. Gegedu la mtu wa miaka 41 limekomaa, halikubali kukunjwa kwa uzi peke yake, inabidi walikwangue kwanza lilegee. Sauti yake ni ya mbuzi ya kukunia nazi, na nazi ni kichwa chako. Nilisoma Yasini yote niliyoikumbuka.

Usiku wa pili sikio la kushoto likaanza kuniuma peke yake, maumivu ya kusukuma, kila saa yanazidi. La kulia limetulia. Nikapiga simu. Aliyepokea akaniambia nimeze panado nisubiri Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi. Nilikumbuka daktari wa mwanangu alivyosema: yakiuma yote mawili ni kawaida, likiuma moja tu na kuzidi, njoo saa hiyohiyo. Nikachukua bajaji saa nane usiku. Walipofungua, damu ilikuwa imejikusanya chini ya ngozi, imevimba kama andazi. Wakaitoa. Daktari mwenyewe baadaye alikiri ingekaa siku zile mbili gegedu lingekosa lishe na sikio lingesinyaa, kama la wale mabondia. Kuomba radhi hakuomba, na kuitoa nako walinilipisha.

Matokeo yangu: la kulia safi. La kushoto limebaki nje kidogo, milimita tatu hivi, na mwezi wa tano ncha ya uzi wa ndani ikachomoza nyuma, ngumu kama ndevu. Ilitolewa hapahapa Mtwara kwa dakika kumi. Faida ninayoihisi kila siku ni helmeti, siku hizi inaingia bila kuyakunja. Kwa mtoto natoa nyota tano. Kwangu tatu, na hizo mbili nimezipoteza mwenyewe kwenye punguzo.

Mwezi uliopita nilipanda Newala. Bibi haoni vizuri tena, anakusoma kwa mikono. Akapapasa la kulia, akaguna. Akahamia la kushoto, akalivuta kwa nguvu, pale palepale penye kovu, nikaruka hadi mlangoni.

"Hili," akasema, "bado la babu yako."