Darasa la wino Hangzhou: kamba wangu hakuogelea

Nililipa yuan 260 kwa darasa la mchana mmoja la kuchora kwa wino, muda wa saa tatu, brashi na karatasi juu ya waandaaji.

Kabla hatujagusa brashi, mwalimu, mama wa makamo, alitundika michoro akatuuliza: mnasikia nini? Nikadhani mkalimani kakosea. Kumbe sivyo. Kwa Kichina samaki ni yu, na ziada pia ni yu, kwa hiyo ukimchora samaki unamwombea mwenye nyumba asipungukiwe. Kulungu ni lu, sawasawa na neno la zamani la mshahara wa ofisa wa serikali. Paka na kipepeo, mao na die, ni zawadi ya mzee: ukiyatamka pamoja yanasikika kama neno la umri wa miaka 80 au 90. Ikanijia pale pale: ni kama sisi tumchore paa ukutani tukimaanisha kupaa! Basi nikawa naisoma michoro kama ninavyosoma jina la kanga.

Popo ndiye aliyenishinda. Jina lake huishia na fu, na fu ni baraka. Wakiwa watano ni baraka tano. Mwalimu alinichorea mmoja. Sasa kwetu Pemba, na habari zote za jini Popobawa, nani ataniruhusu nimtundike sebuleni? Yumo kwenye begi, chini ya nguo.

Tulichora kamba, kwa kumfuata mchoraji Qi Baishi (1864–1957), aliyekuwa akiwaweka kamba hai kwenye bakuli awaangalie. Pingili moja, mguso mmoja wa wino mwepesi. Kichwani, kabla hakujakauka, unagusisha wino mzito nao unasambaa wenyewe. Maji hayachorwi, karatasi tupu ndiyo maji. Kamba wa mwalimu aliogelea. Wangu alifanana na mende aliyekanyagwa.

Nalalamikia mawili. Tuliahidiwa karatasi ya xuan, inayokunywa wino papo hapo. Tukapata moja moja, zilizobaki zikawa za kiwandani, wino unakaa juu tu. Pili, mkalimani mmoja kwa watu 12, na saa ya mwisho alikuwa nje na simu yake. Ndipo mwalimu alipofika kwa samaki wa Bada Shanren, mchoraji wa ukoo wa kifalme wa Ming uliopinduliwa mwaka 1644. Hayo ya ukoo nimeyasoma baadaye. Pale darasani niliona samaki mmoja peke yake, jicho jeupe limegeuzwa juu, na huyo hakuonekana kumtakia mtu ziada yoyote.

Nyota tatu kati ya tano. Popo peke yake ana nyota mbili.